Mwisho Usiofungwa: Sinema, Vedeti na Barza Iliyokosekana

Katika mwaka wa 1898 kulitoka London kitabu cha hadithi za watu wa pwani ya Loango, upande wa Kongo ya Wafaransa. Aliyezikusanya ni mchuuzi mmoja Mwingereza, R. E. Dennett, aliyeishi miaka mingi kati ya watu wale. Ndani yake imo hadithi ya mtu mwenye wake watatu. Mtu yule alikwenda kuwinda, akafia porini. Mke wa kwanza alikuwa na kipawa cha ndoto, akaota kwamba bwana yao amekufa. Wa pili alikuwa mjuzi wa njia, akawaongoza wenzake mpaka pale maiti ilipolala. Wa tatu alijua dawa, akamfufua. Walipofika nyumbani ugomvi ukaanza: sasa mume ni wa nani? Wakapatana kila mmoja apike chungu chake, na mume achague. Mume akala chungu cha yule aliyemfufua. Watu wengi wakasema amefanya vema. Lakini wanawake hawakuridhika: juu ya nini hakuvimwaga vyungu vyote vitatu katika chungu kimoja, akala vikiwa vimechanganyika?

Hadithi inakomea hapo. Msimulizi hasemi nani ana haki. Amemaliza kazi yake, na kazi ya wasikilizaji ndiyo inaanza. Hadithi za namna hii ziko katika makabila mengi ya Afrika, na inchi yetu imo. Mtaalamu wa Marekani, William Bascom, alizikusanya nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1975. Wazee walizitumia kufundisha vijana kusema mbele ya watu: kuleta hoja, kungojea zamu, kushindwa bila kuchukia.

Ninaanza na hadithi hii kwa sababu ya lalamiko ninalolisikia kila mara kwa vijana waliotoka kutazama filme ya kigeni isiyokuwa na mwisho wazi. "Sasa yule alikufa ao hakufa? Ile ilikuwa ndoto ao kweli?" Wanadhani huu ni ujanja mpya wa Wazungu, tena ujanja wa kumnyima mtu haki yake baada ya kulipa mlangoni. Kumbe jambo lenyewe ni la zamani kwetu. Kilicho kipya ni kwamba hadithi ya zamani iliachwa wazi mbele ya watu waliokaa pamoja, na filme inaachwa wazi mbele ya watu waliokaa gizani, kila mmoja na mawazo yake, kiisha taa zinawaka na wote wanatawanyika. Swali limebaki, barza haipo. Na mara moja, katika historia ya sinema, mtu mmoja aliyekuwa peke yake kabisa alijipatia jibu lake, na jibu lile lilimwaga damu ya rais wa Marekani.

Mambo yale yalianza kabla ya filme. Tarehe 15 Mei 1972, huko Laurel katika jimbo la Maryland, George Wallace, gavana wa Alabama, alikuwa akitafuta kura za kuwa rais. Kijana wa miaka 21, Arthur Bremer, akasogea karibu naye akampiga risasi. Wallace hakufa, lakini hakutembea tena kwa miguu yake mpaka alipofariki mwaka 1998. Watu wakatafuta sababu ya siasa, kwa maana Wallace alikuwa mtetezi mkubwa wa ubaguzi, na maadui hawakumkosa. Sababu ya siasa haikupatikana. Bremer alikuwa ameandika kitabu cha kila siku, nacho kilichapishwa mwaka 1973. Mle ndani inaonekana kwamba kwanza alimwinda Rais Nixon, akamfuata mpaka Ottawa kule Kanada, akashindwa kumkaribia. Wallace alikuwa windo la pili, na tena Bremer alisikitika kwamba jina la Wallace si kubwa la kutosha, kwamba televizyo haitampa dakika nyingi. Soma tena, ndugu msomaji: mtu anapanga kuua, na huzuni yake ni kwamba maiti haitakuwa na sifa.

Mwaka uleule wa 1972 mwandishi kijana, Paul Schrader, naye akiishi maisha ya upweke na karibu kuanguka, aliandika kwa siku chache tu hadithi ya dereva wa taksi wa New York. Alikuwa ameyasikia mambo ya Bremer, tena alikuwa amesoma vitabu vya Sartre na Dostoyevsky. Martin Scorsese akaitengeneza filme hiyo, ikaitwa Taxi Driver, ikatoka Februari 1976, na mwezi wa Mei ikapewa Palme d'Or huko Cannes.

Kwa wale ambao hawakuiona nitaisimulia kwa kifupi. Travis Bickle, anayechezwa na Robert De Niro, ametoka vitani Vietnam. Hapati usingizi, basi anaendesha taksi usiku kucha. Anampenda mwanamke mzuri anayefanya kazi katika ofisi ya mgombea urais, lakini hajui hata namna ya kumtembeza mwanamke: anampeleka kutazama filme za uchafu. Mwanamke anatoka na kumwacha. Travis ananunua bastola, ananyoa kichwa, anakwenda kumwua yule mgombea. Walinzi wanamwona, anakimbia. Usiku huohuo anakwenda kwenye nyumba ya malaya ambako kuna msichana mdogo, Iris, anayechezwa na Jodie Foster, aliyekuwa na miaka 12 tu wakati wa kupiga picha. Travis anamwua bwana wa msichana na wenzake, damu inatapakaa ukutani. Mwishoni anataka kujiua lakini risasi zimekwisha. Polisi wanaingia, anawatazama akiwa ameketi, anaweka kidole chenye damu kichwani kama bastola.

Kama filme ingekomea hapo, hakuna mtu angeuliza kitu. Lakini inaendelea dakika chache tena. Tunaona ukuta wenye vipande vya magazeti vinavyomsifu dereva shujaa aliyewapiga majambazi. Tunasikia barua ya wazazi wa Iris wakimshukuru. Travis amepona, yuko kwenye taksi yake. Anayeingia garini ni nani? Yule mwanamke mzuri, na sasa anamtazama kwa heshima. Travis anamfikisha, anakataa pesa zake, anaondoka. Halafu ghafla anaona kitu katika kioo cha gari, macho yanashtuka, anageuza kioo, na filme imekwisha.

Tangu siku ile watu wamegawanyika. Wengine wanasema Travis alikufa pale kwenye kiti, na yote yanayofuata ni ndoto ya mtu anayekata roho, ndiyo maana kila kitu ni kitamu mno. Wengine wanasema hapana, aliishi kweli, na hilo ndilo jambo la kutisha. Scorsese mwenyewe alieleza kwamba yale macho ya mwisho yanatuonyesha mtu ambaye siku moja atalipuka tena, kama bomu lenye saa. Mimi niko upande wa hawa wa pili, wala si kwa sababu ya maneno ya Scorsese. Niko upande wao kwa sababu ya magazeti yale ukutani. Mtu huyu saa chache mbele alikuwa akienda kumwua mwanasiasa. Angefaulu, magazeti yaleyale yangemwita shetani. Bastola ni ileile, wazimu ni uleule, kilichobadilika ni mlango alioingia. Swali ambalo filme inatuachia, kwa akili yangu, halimhusu Travis hata kidogo. Linawahusu wale walioandika magazeti na wale walioyanunua. Sifa hii mmempa ya nini?

Basi, kati ya watu waliotazama filme ile kulikuwa na kijana wa familia ya kitajiri, John Hinckley. Aliitazama mara 15 ao zaidi. Alivaa koti kama la Travis, akanunua silaha kama Travis, akampenda Jodie Foster, yaani msichana wa kwenye ukuta wa sinema. Foster alipoingia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1980, Hinckley alimfuata mpaka mji ule wa New Haven, akamwachia barua mlangoni, akampigia simu. Foster alimjibu kwa adabu kwamba hataki mazungumzo na mtu asiyemjua. Hinckley akaanza kumfuata Rais Carter. Oktoba 1980, uwanja wa ndege wa Nashville, alikamatwa na bastola katika mizigo yake. Akalipa faini, akaachiliwa. Carter akashindwa uchaguzi, Hinckley akahamia kwa Reagan, kama vile Bremer alivyohama kutoka kwa Nixon. Kwa watu hawa rais hakuwa adui, alikuwa taa tu: mtu akisimama karibu naye ataonekana.

Tarehe 30 Machi 1981 Hinckley aliandika barua moja zaidi kwa Foster, akamweleza kwamba anakwenda kufanya tendo hili ili amvutie. Barua hakuituma. Saa chache baadaye, mbele ya hoteli moja ya Washington, alipiga risasi 6 kwa sekunde mbili hivi. Reagan alijeruhiwa kifuani. Polisi mmoja na mlinzi mmoja walijeruhiwa. James Brady, msemaji wa rais, alipigwa kichwani, akabaki kilema, na alipokufa mwaka 2014 waganga wa serikali waliandika kwamba kifo chake kilitokana na risasi ile ya miaka 33 mbele.

Usiku uleule ilikuwa sherehe ya Oscar kufanyika Los Angeles. Ikasogezwa mpaka kesho yake. Na kesho yake, tarehe 31 Machi, aliyetangazwa kuwa mchezaji bora ni Robert De Niro, kwa filme nyingine ya Scorsese. Msimulizi wa hadithi angebuni kitu kama hicho tungemwambia apunguze chumvi.

Hukumu ilikuja mwaka 1982. Avoka wa Hinckley walitaka kuonyesha kwamba mteja wao hakuwa na akili timamu, na kati ya ushahidi waliouleta ilikuwa filme yenyewe. Wazee wa baraza 12 walikaa ndani ya tribinali wakaonyeshwa Taxi Driver kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ninalipenda tukio hili kuliko yote, kwa huzuni yake. Ndiyo mara ya kwanza filme hiyo ilipata barza: watu 12 wa kawaida, wameketi mahali pamoja, wameona kitu kimoja, wanalazimika kujadiliana na kutoa neno moja. Ilikuwa imechelewa miaka sita. Tarehe 21 Juni 1982 walitamka kwamba Hinckley hana hatia kwa sababu ya wazimu, akapelekwa hospitali. Wamarekani walikasirika sana, na mwaka 1984 Congress ikabadilisha sheria ili mshtakiwa mwenyewe ndiye athibitishe wazimu wake.

Foster kwa upande wake hakupewa nafasi ya kuwa mtu wa kawaida. Alikuwa na miaka 18, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na waandishi wa magazeti walijaa katika chuo chake. Mwishoni mwa mwaka 1982 aliandika katika gazeti la Esquire maelezo marefu akiuliza kwa nini yeye. Ni neno la haki kabisa. Hakuwa amefanya kitu chochote isipokuwa kazi aliyopewa akiwa mtoto.

Msomaji atasema: hayo ni mambo ya Wamarekani, watu wenye pesa na upweke, siye yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Léopoldville ya miaka ya 1950 ilikuwa na vijana wake waliorukwa na akili kwa ajili ya sinema, nao waliitwa Bills. Jina lilitoka kwa Buffalo Bill. Wakoloni walichagua kwa uangalifu filme ambazo Mwafrika angeruhusiwa kuziona, maana waliogopa kwamba ataona Mzungu akidhalilishwa ao mwanamke wa Kizungu akibusiwa. Filme za kauboi zilionekana hazina hatari. Eti ni farasi na bunduki tu! Vijana walizinywa kama maji. Wakavaa vitambaa shingoni, wakavaa jeans na mashati ya kauboi, wakajipa majina ya kule, wakabatiza mitaa yao majina kama Texas, wakatunga na lugha yao, Hindubill, mchanganyiko wa Lingala, Kifaransa na maneno waliyoyageuza wenyewe ili wakubwa wasielewe.

Ucheshi ni kwamba huyo Buffalo Bill waliyemwiga alikuwa yeye mwenyewe mwigaji wa Buffalo Bill. William Cody alizaliwa mwaka 1846. Tangu 1869 waandishi wa vitabu vya bei rahisi walianza kumtungia ushujaa, kiisha akapanda jukwaani kujicheza yeye mwenyewe. Mwezi wa Julai 1876, katika vita na Wacheyenne, alikwenda mapambanoni akiwa amevaa nguo zake za tiyatri, akamwua mpiganaji mmoja, na kabla mwaka haujaisha alikuwa jukwaani akilionyesha tendo lile kwa watu waliolipa. Amevalia tiyatri kwenda vitani ili vita vimrudishe kwenye tiyatri. Miaka 80 baadaye kijana wa Ngiri-Ngiri anafunga kitambaa shingoni ili afanane naye. Nani anamwiga nani, hapo nimeshindwa.

Nisiwapambe Bills. Walipigana, waliiba, na wasichana wa mitaa ile waliteswa nao vibaya. Mwanahistoria Didier Gondola, katika kitabu chake cha mwaka 2016 juu yao, hakulificha jambo hilo. Vijana wa namna yao walikuwa barabarani pia katika fujo za Januari 1959. Lakini ukilinganisha na chumba cha Hinckley kuna tofauti moja. Bills hawakutazama kimya. Ukumbi ulipiga kelele, watu walimwonya kauboi asigeuze mgongo, walimtukana mwovu, na filme ilipokwisha iliendelea barabarani, kila mmoja akitetea upande wake. Na kulikuwa na mtu mzima aliyekubali kuketi nao: padri wa Scheut, Jozef de Laet, aliyejifunza lugha yao na kuishi nao karibu mpaka wakamwita Père Buffalo. Mapadri wengine waliona kwamba ni aibu. Mimi naona alielewa kitu ambacho wakoloni wenye mkasi wa kukata filme hawakukielewa: huwezi kumkataza kijana asimpende shujaa wa picha, lakini unaweza kuwapo pale anapouliza maana yake.

Sasa turudi New York. Katikati ya mwaka 1981, miezi michache tu baada ya Reagan kupigwa, Scorsese na De Niro walianza kupiga filme nyingine juu ya wazimu huohuo, safari hii kwa kuchekesha. Hadithi ya The King of Comedy ilikuwa imeandikwa mbele, na Paul Zimmerman, mchambuzi wa filme wa gazeti la Newsweek. Haikutungwa kwa ajili ya Hinckley. De Niro anacheza Rupert Pupkin, mtu wa miaka zaidi ya 30 anayekaa kwa mama yake. Katika chumba chake cha chini amesimamisha mavedeti wa karatasi ngumu, wenye ukubwa wa watu, naye anaketi kati yao akizungumza nao kama mgeni wa televizyo, huku mama anapiga kelele kutoka juu kwamba apunguze sauti. Anamtaka Jerry Langford, mtangazaji mkubwa, ampe nafasi ya kuchekesha watu katika programu yake. Anakataliwa, anarudi, anakataliwa tena. Mwisho, yeye na mwanamke mmoja mwenye wazimu wa kumpenda Langford wanamteka nyara kwa bastola ya uongo. Fidia anayotaka Pupkin si pesa. Anataka dakika chache kwenye televizyo.

Langford alichezwa na Jerry Lewis, mchekeshaji aliyejua habari hizo kwa mwili wake. Kuna mahali ambapo anatembea barabarani, na mama mmoja kwenye simu ya umma anamsifu na kumwomba aseme neno moja na mtu wa nyumbani kwake. Anajibu kwa upole kwamba amechelewa. Palepale yule mama anamlaani apate kansa. Lewis alisema kwamba jambo hilo lilimtokea yeye mwenyewe maishani. Ni sekunde chache tu, lakini mapenzi yote ya watu kwa vedeti yamo mle: nakupenda kuliko ndugu, na ukininyima dakika moja, ufe.

Filme inaisha hivi. Pupkin anapata dakika zake, anachekesha kidogo, anakamatwa. Kiisha sauti ya habari inatuambia kwamba alihukumiwa miaka 6, akakaa gerezani miaka 2 na miezi 9, akatoka, akauza kitabu cha maisha yake, na sasa anarudi kwenye televizyo. Tunaona jukwaa, taa, nguo nyekundu. Mtangazaji anatamka jina lake, watu wanapiga makofi. Anatamka tena. Makofi. Tena na tena, jina, makofi, jina, makofi, na Pupkin amesimama anatabasamu na hajasema neno hata moja. Imekwisha.

Ni kweli ao ni ndoto ya chumba cha chini? Swali la Taxi Driver limerudi. Wamarekani wa mwaka 1983 hawakutaka kulisikia: filme iligharimu karibu dola milioni 19, ikaingiza kama milioni 2 na nusu tu. Leo inahesabiwa kati ya kazi bora za Scorsese, na filme ya Joker ya mwaka 2019 imejengwa juu yake waziwazi, hata De Niro amewekwa humo, sasa yeye ndiye mtangazaji.

Nadhani sisi Wakongomani tuna faida fulani katika kulielewa tukio lile la mwisho, maana tumelelewa na mabanga. Mtu anampa mwanamuziki pesa ili jina lake litupwe ndani ya wimbo. Jina linatamkwa katikati ya gitaa, mara moja, mara tano, na mamilioni ya watu wanacheza ngoma juu ya jina la mtu wasiyemjua, asiyeimba, asiyepiga chombo chochote. Amefanya nini? Ametajwa. Na kabla ya mabanga kushamiri tulikuwa na televizyo ya Zaire, ambapo uso wa Mobutu ulishuka kutoka mawinguni kila jioni kabla ya habari. Aliyelelewa na picha ile hahitaji profesa wa sinema amweleze kwamba jina likirudiwa vya kutosha mbele ya makofi, halihitaji tena tendo nyuma yake. Ndiyo maana kwangu swali la ndoto ao kweli halina uzito mkubwa pale. Kama Pupkin anaota, wazimu ni wa mtu mmoja na daktari yupo. Kama ni kweli, basi wanaopiga makofi ndio wagonjwa, nao hawana hospitali.

Jambo hili nililijaribu mara moja na vijana wa chama chetu, jioni, kwa kuizima mashine kila baada ya sehemu na kuuliza. Walibishana saa moja na nusu juu ya dakika tatu za mwisho. Binti mmoja alisema tunahangaika bure: Pupkin amefungwa ndani ya kichwa chake ao amefungwa jukwaani, pande zote mbili hakuna anayemsikiliza, maana hakuna aliyemwomba aseme kitu. Sijasoma jibu zuri kuliko hilo mahali popote.

Bremer alitoka gerezani Novemba 2007, watu wachache wakajali. Habari za Hinckley zilichukua muda zaidi. Mwaka 2016 aliruhusiwa kutoka hospitali akaishi kwa mama yake huko Williamsburg, akiwa na miaka 61. Alipiga gitaa, akatunga nyimbo, akaanza kuziweka kwenye intaneti kwa jina lake mwenyewe. Juni 2022 tribinali ilimwondolea masharti yote yaliyobaki. Mwezi uliofuata alikuwa aimbe katika ukumbi mmoja wa Brooklyn, New York, konseri yake ya kwanza ya mtu huru. Tiketi zote zilinunuliwa. Wenye ukumbi waliogopa vitisho wakaifuta wiki chache mbele, na waliokuwa wamenunua tiketi hawakupata nafasi ya kueleza walikuwa wakienda kusikiliza nini.